Kusatsu, Mji Uliojengwa Kuzunguka Maji Moto

Binamu yangu anayefanya kazi Saitama, jirani na Tokyo, hakuupenda mpango wangu hata kidogo.

"Kaka, umetoka Dar mpaka huku, na joto lote lile la kwenu, halafu unataka tupande treni twende mlimani kwenye theluji, tukavue nguo mbele ya wazee wa watu?"

Nikamwambia hiyo ndiyo safari yenyewe. Akaguna, akacheka, akaenda kukata tiketi. Miaka yote aliyokaa Japani alikuwa hajakanyaga bafu la umma. Kila wenzake wa kazini walipomwalika alikuwa na udhuru tayari: leo mafua, kesho zamu, keshokutwa simu ya nyumbani.

Treni ya haraka iendayo huko huondoka stesheni ya Ueno na kuchukua kama saa mbili na nusu. Nusu ya kwanza ya njia haina la kusimulia: maghala, nyaya za umeme, nyumba zilizobanana. Ukishaipita Shibukawa ndipo reli inapoingia bonde la mto Agatsuma, milima inasogea hadi dirishani, na abiria wanafungua vikasha vyao vya chakula kwa utaratibu unaokufanya uone haya kula karanga kwenye mfuko. Mbele zaidi treni inazama kwenye handaki. Reli ya zamani ilipita chini, kando ya mto. Mwaka 2014 ilihamishwa kupisha bwawa la Yanba, lililokamilika 2020. Mto huo una kisa chake na nitaufikia.

Treni inaishia Naganohara-Kusatsuguchi. Hapo basi huwa linasubiri, na kwa muda usiofika nusu saa linakupandisha hadi Kusatsu, mji mdogo wa mkoa wa Gunma wenye wakazi kama 6,000, mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa kwetu mita 1,200 si za kutisha. Arusha iko juu kuliko hapo. Lakini Arusha haina Februari ya namna hii. Theluji ilirundikwa kando ya barabara hadi kunifika kiunoni, na pumzi ya kila mtu aliyeshuka kwenye basi ilionekana. Pamoja na baridi ikaja harufu ya salfa, nzito, ikakaa kooni. Binamu alijifunga skafu puani. Baada ya saa moja hivi tulikuwa tumeizoea, ingawa koti langu liliendelea kunukia Kusatsu siku nyingi baadaye.

Katikati ya mji, mahali ambapo mji mwingine ungeweka sanamu ya kiongozi au stendi ya mabasi, Kusatsu imeiacha chemchemi. Panaitwa Yubatake. Ni uwanja mrefu wa mviringo uliozungushiwa nguzo fupi za mawe, na ndani yake maji ya moto yanabubujika kutoka ardhini, lita 4,000 kila dakika, yakiwa na joto linalozidi nyuzi 50. Yanaelekezwa kwenye mifereji saba ya mbao iliyolazwa sambamba, wazi juu, kisha yanamwagika kwenye dimbwi la rangi ya kijani huku mvuke ukipaa hadi kwenye madirisha ya nyumba za wageni. Mifereji hiyo si pambo. Inayapooza maji kabla hayajagawiwa kwenye mabafu ya mji, tena bila kuyachanganya na maji baridi, maana mtu wa Kusatsu akisikia umeyazimua maji yake ataona umemharibia dawa.

Niliegemea ukingo nikautazama mfereji mmoja kwa karibu. Maji yalikuwa utando mwembamba tu unaokimbia. Mbao za chini hazikuonekana tena. Zilifunikwa na ukoko mweupe wenye umanjano, laini, wenye vinyweleo vilivyolala vyote kufuata maji yanakokwenda. Ndiyo salfa hiyo. Hukwanguliwa kila baada ya muda, ikakaushwa, ikauzwa kwenye vichupa ili mtu aende kuitia kwenye beseni la kwake. Pembeni kuna fremu ya mbao ndani ya maji, na maelezo yake yanasema hapo ndipo yalipochotwa maji ya kumpelekea Tokugawa Yoshimune, shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, wa karne ya 18, kwenye kasri lake la Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo. Fikiria wapagazi waliobeba mapipa ya maji ya kuoga kushuka milima hii yote. Mkubwa ni mkubwa.

Sura ya uwanja kama unavyoonekana sasa ilibuniwa mwaka 1975 na msanii Okamoto Taro, yule yule aliyechonga Mnara wa Jua wa maonyesho ya Osaka ya 1970. Alifanya jambo la maana: hakuweka kitu chake katikati. Maji ndiyo yameachwa yaonekane.

Nilichokitafuta kwa macho na kukikosa ni kibanda cha tiketi. Hakuna. Hapakuwa na geti wala mlinzi mwenye kitabu cha risiti. Wanafunzi walipita na mabegi yao mgongoni, mama mmoja alisukuma toroli la mtoto, wageni wa hoteli walikatiza wakiwa na kimono nyepesi za pamba, makoti juu yake, na mitalawanda miguuni ikigonga mawe. Kwenye ukingo mmoja kuna mfereji wa kulowekea miguu, umeezekwa, una benchi pande zote, nao pia ni wa bure. Binamu alianzia hapo kwa kuwa hapakumtaka avue zaidi ya soksi. Akakunja suruali, akaingiza miguu, akafumba macho. Mzee aliyeketi mbele yetu akamuuliza kitu.

"Mzee anauliza tumetoka nchi gani," binamu akanifasiria. "Nimemwambia Tanzania. Anasema anaujua Kilimanjaro, na anauliza kama kwetu kuna maji kama haya."

Nikamwambia amjibu kwamba yapo mengi. Na kweli yapo. Bonde la Ufa limetugawia kwa mkono wa ukarimu. Ziwa Bogoria nchini Kenya lina chemchemi zinazochemka hata watalii huzitumia kuchemshia mayai. Songwe, karibu na Mbeya, maji moto yamejenga mwamba mzima wa chokaa ambao watu wamekuwa wakiuchimba kutengenezea vigae. Kitagata, magharibi mwa Uganda, wagonjwa hujilaza kwenye mawe na kujimwagia maji. Chemchemi moja inahesabiwa kuwa ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole, na ya pili watu wenyewe wameipa jina la Mulago, hospitali kuu ya Kampala. Kwa imani, basi, Kitagata na Kusatsu ni ndugu. Tofauti iko kwenye kile watu walichokijenga juu ya imani hiyo.

Jengo linaloitwa Netsu no Yu liko hatua chache kutoka uwanjani, na hapo tulilipa kiingilio kuona wanawake wakiyakoroga maji. Wanasimama pande mbili za birika, kila mmoja na ubao mrefu kuliko yeye, wanaupindua ubao ndani ya maji kushoto na kulia huku wakiimba wimbo wa mji, wimbo wenye utani kwamba maji haya hayafui dafu mbele ya maradhi ya mapenzi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima zamani: maji yalishushwa joto kwa kukorogwa, kisha waogaji wakaingia pamoja kwa amri ya msimamizi, kwenye maji ya nyuzi 47 au 48, wakakaa dakika tatu, wakatoka pamoja. Msimamizi aliwahesabia muda kwa sauti, nao walimwitikia. Leo ni maonyesho. Wanawake wanafanya vizuri, wageni wanaitwa kujaribu ubao, picha zinapigwa, watu wanatoka. Sikuyachukia, ila sikuona sababu ya kuyarudia, hasa kwa kuwa kitu halisi kiko ng'ambo ya barabara na hakina kiingilio.

Ng'ambo hiyo ni Shirahata no Yu, bafu la mbao lililo ukingoni mwa Yubatake. Hekaya ya mji inasema chemchemi yake ilivumbuliwa na shoguni Minamoto no Yoritomo mwaka 1193, alipokuwa mawindoni. Kusatsu ina mabafu ya namna hii kumi na kadhaa, yote ya jumuiya. Matatu, yaani Shirahata, Chiyo na Jizo, yamefunguliwa kwa wageni bure kabisa. Yaliyobaki ni ya wakazi, na kibao mlangoni kinakuomba kwa adabu upite. Nilipenda ukweli wa mgawanyo huo. Mgeni kapewa sehemu yake, na mwenyeji hajanyang'anywa ya kwake ili mgeni apate nafasi ya kupiga picha.

Mlango wa wanaume unasukumwa pembeni, na ghafla uko ndani ya mambo. Hakuna chumba cha kubadilishia nguo kwa maana tuliyoizoea. Ni chumba kimoja chenye dari ndefu ya mbao ya kutolea mvuke. Ukutani kuna rafu za kuwekea nguo, na hapo hapo chini kuna mabirika mawili ya mbao yaliyojaa maji yaliyochafuka weupe. Hakuna kabati lenye kufuli. Hakuna bomba la mvua. Sabuni ingekuwa kazi bure, maana maji haya ni tindikali mno na hayatoi povu. Wazee watatu walikuwa wamekaa majini, taulo ndogo zimekunjwa juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyegeuka kututazama. Hilo ndilo lililonituliza.

Binamu akasimama na shati mkononi.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Maji ukiyavulia nguo," akasema, akashusha pumzi, "huna budi kuyaoga."

Akavua yote, akatangulia. Mimi nyuma yake.

Huingii moja kwa moja. Unachuchumaa ukingoni, unachota kwa ndoo ndogo ya mbao, unajimwagia miguuni, mabegani, hata kichwani. Mzee aliyekuwa karibu alituonyesha kwa mkono tujimwagie kichwani tena na tena. Binamu akanifasiria kwamba kichwa kisipozoeshwa joto mtu huona kizunguzungu akisimama. Tukamwaga mpaka mzee akatikisa kichwa kuwa inatosha. Kisha nikashusha mguu, nikauondoa, nikaushusha tena. Moto wa maji yale hauji polepole. Unakubana mwili mzima mara moja, na baada ya hapo njia pekee ya kuuvumilia ni kutulia tuli, maana kila ukisogea unajiletea maji mapya yenye ukali mpya. Nilikuwa na mchubuko mdogo kidoleni. Uliwasha kama umekamuliwa ndimu. Kadiri dakika zilivyopita misuli ya shingo, ambayo sikujua kuwa imekaza, ikaanza kulegea yenyewe. Mzee akasogea kidogo kumpisha binamu. Akasema neno.

"Anauliza kama ni moto mno kwetu."

"Mwambie shikamoo yake tumeipata," nikajibu. Binamu alicheka sana, lakini sidhani alifasiri.

Nimetaja tindikali, nayo si ya mchezo. Kipimo cha maji ya Yubatake kwenye mizani ya pH ni kama 2, na huko Bandaiko, chemchemi nyingine ya mji, maji hutoka yakiwa na nyuzi 95 na ukali zaidi ya hapo. Wenyeji hupenda kukuonyesha msumari mnene uliolowekwa siku kama kumi: umebaki kijiwaya. Vijidudu vya kawaida haviishi humo, na hapo ndipo sifa ya kuponya ngozi ilipopata mguu wa kusimamia. Chanzo cha yote ni volkano ya Kusatsu-Shirane iliyo nyuma ya mji. Maji ya mvua na theluji huzama mlimani, yakakutana na gesi zenye salfa, yakarudi juu yakiwa yamebadilika. Mlima huo huo una upande wake wa pili. Tarehe 23 Januari 2018 kilele cha Motoshirane kililipuka bila onyo, mawe yakaanguka kwenye miteremko ya kuteleza kwa ski, na askari mmoja aliyekuwa mazoezini akafa. Mji haukuhama. Joto la chini ya ardhi wanalitumia mpaka majumbani: maji ya Bandaiko hupasha maji ya bomba na kuyeyusha theluji kwenye barabara, ndiyo maana tulitembea katikati ya mji kwa viatu vya kawaida.

Asubuhi yake tulikwenda kwenye bustani ya Sainokawara. Njia ya kufika ni kichochoro cha maduka kinachopanda taratibu, chenye mayai yaliyoivishwa kwenye maji moto, kachumbari za kukaushwa, na manju, yaani maandazi madogo ya mvuke yenye maharage matamu ndani. Wauzaji wawili walisimama kila mmoja upande wake na trei, wakiwapa wapita njia andazi la moto mkononi na kikombe cha chai hata kabla hujaamua kama unalitaka. Binamu alikubali kila upande. Huwezi kumlaumu; chakula cha bure kwenye baridi ile kina ladha yake.

Kichochoro kikiisha, bustani inaanza, bila uzio wa kukuambia imeanza. Ni bonde jembamba kati ya vilima vyenye misonobari, na sakafu yake yote ni mawe. Katikati ya mawe hayo maji moto yanachomoza popote yanapotaka: hapa kidimbwi cha rangi ya zumaridi kinachotoa viputo, pale ufa unaovuja mvuke, kule kijito kizima kinachotiririka kikiwa moto katikati ya theluji. Mawe ya kijito yana kijani kikali, na si majani wala ukungu wa kawaida. Ni mwani wa aina inayovumilia tindikali, karibu kiumbe pekee kilichokubali kuishi humo. Nilichuchumaa nikaweka mkono majini. Kiganja kilikuwa kwenye joto na kifundo cha mkono kwenye baridi inayouma, na theluji iliyokuwa inadondoka ilikuwa inayeyuka kabla haijagusa maji.

Zamani watu hawakuja hapa kujiburudisha. Waliogopa. Palidhaniwa kuwa makao ya mashetani, na jina la bonde linafanana na la ule ufuo wa mto wa ahera ambako, kwa imani ya Wabudha wa Japani, roho za watoto waliokufa hupanga mawe juu ya mawe, na mashetani huyabomoa. Vijilundo vya mawe bado vipo, na sanamu ndogo za Jizo, mlinzi wa watoto, zimevalishwa vikofia vyekundu vya kufuma. Mama mmoja aliyekuja na binti yake aliokota kijiwe, akakiweka juu ya vingine, akainama kidogo, wakaendelea na safari yao. Sisi tulipita kimya.

Kati ya miti kuna sanamu ya mzungu mwenye ndevu. Ni Erwin Bälz, daktari Mjerumani aliyefika Japani mwaka 1876 kufundisha udaktari na kukaa karibu miaka thelathini. Aliyapima maji ya Kusatsu, akaisifu hewa yake, akauandikia ulimwengu kwamba mahali hapa hapana mfano. Mji haujamsahau: tangu 1962 una udugu na Bietigheim, alikozaliwa. Nilimtazama Bälz nikawaza kuwa wenyeji walikuwa wakiyaoga maji haya karne nyingi kabla yake. Ila kibali cha daktari wa Ulaya kilikuwa na uzito wake wakati ule, na mahali pengi kingali nao.

Mwisho wa bustani kuna bafu la wazi, lenye ukubwa wa kama mita 500 za mraba, nusu ya wanaume na nusu ya wanawake, limezungukwa na msitu tu. Hili unalilipia, kwa bei isiyoumiza. Maji yake ni ya upole kuliko ya Shirahata, ukakaa muda mrefu zaidi, theluji inakuangukia usoni na huna habari. Binamu yule yule aliyejifunga skafu puani ndiye niliyelazimika kumwita mara kadhaa atoke.

Maji yote haya, ya uwanjani na ya bustani, huishia mto Yukawa. Huko ndiko kisa cha ule mto wa treni kinakoanzia. Yukawa huingia mto mwingine ambao humwaga Agatsuma, na Agatsuma huungana na Tone, mto unaowanywesha watu wa Tokyo. Kabla ya miaka ya 1960 mkondo huo ulikuwa wa kifo: samaki hawakukaa, maji hayakufaa kumwagilia mashamba, saruji ya madaraja ililika. Mwaka 1964 kilianzishwa kiwanda hapo Kusatsu cha kuupunguzia mto ukali wake. Unga wa mawe ya chokaa hukorogwa na maji na kumwagwa mtoni, zaidi ya tani 50 kila siku, usiku na mchana, mwaka mzima bila kupumzika, na mwaka uliofuata likakamilika bwawa la Shinaki la kutuamisha machujo. Tulisimama darajani tukaona mabomba yakitema maji meupe kwenye mto unaofuka mvuke. Hakuna mtalii mwingine aliyekuwepo. Kwangu hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote nilivyoviona katika mji ule: watu wameyapenda maji yao, na wakakubali pia kulipia madhara yake kwa jirani wa chini, kila siku, kwa zaidi ya miaka sitini.

Ningependa kuishia hapo, lakini mji una ukurasa mwingine, na katika maduka ya zawadi sikukutana nao.

Kwa kuwa maji yalisifiwa kwa ngozi, wagonjwa wa ukoma walikuja Kusatsu kutoka kila pembe ya Japani. Mwanzo walioga pamoja na wengine. Mwaka 1887, mji ukijitengenezea jina mbele ya wageni wenye fedha, wagonjwa waliondolewa katikati wakapelekwa kwenye kitongoji cha chini kilichoitwa Yunosawa. Huko walijenga maisha: nyumba za wageni, maduka, ndoa, kodi, viongozi wao wenyewe. Mwaka 1916 alifika Mary Cornwall Legh, mmisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, akiwa anakaribia miaka 60, akatumia mali yake kujenga kanisa, shule na hospitali kwa ajili yao. Kisha serikali ikaamua kuwafungia wagonjwa wote. Hospitali ya taifa ya Kuryu Rakusen-en ilifunguliwa nje ya mji mwaka 1932, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Yunosawa ikavunjwa. Maji moto waliletewa kwa bomba huko huko walikotengwa.

Ndani ya eneo hilo lilijengwa mwaka 1938 jengo la vyumba vya adhabu, Jukanbo. Wagonjwa walioonekana wakaidi katika hospitali za ukoma nchini kote waliletwa hapa bila kupelekwa mahakamani. Hapakuwa na moto wa kuota, na majira ya baridi joto lilishuka zaidi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Hadi lilipofungwa mwaka 1947 walikuwa wamewekwa humo watu 93, na 23 kati yao walikufa. Sheria ya kuwatenga wagonjwa ilidumu, kwa sura moja au nyingine, hadi 1996, miongo mingi baada ya ukoma kupata dawa.

Tangu 2014 kuna makumbusho, na ndani yake vyumba vile vimejengwa upya kwa ukubwa wake halisi. Binamu aliingia kwenye kimojawapo, akasimama, akatafuta mwanga. Dirisha lilikuwa ufa juu ya ukuta. Chini kulikuwa na tundu la kupitishia chakula, linalotosha bakuli tu. Alipotoka alikuwa hana utani.

"Kaka, na maji yako pale," akasema, akielekeza kidole upande wa mji.

Tulirudi kwa miguu kwenye theluji mpaka tukapata basi.

Kwa anayefikiria kwenda: chagua siku za kazi, maana mwishoni mwa wiki Tokyo nzima huhamia pale. Vua pete na mkufu wa fedha kabla ya kuingia majini, la sivyo vitatoka vyeusi. Usijipanguse macho kwa mkono uliolowa. Beba taulo yako, kwa kuwa mabafu ya bure hayatoi. Mwenye kidonda kibichi asubiri kipone, na mwenye presha amwone daktari kwanza. Na ukishaoga, ukala maandazi yako na kupiga picha zako za Yubatake usiku, panga nusu siku ya kwenda kwenye makumbusho ya Jukanbo. Hayana kiingilio.